Gusa Kioo, Sehemu ya Kwanza

Tulimzika Paskali hapa Katesh mwezi wa kumi na moja. Siku ya tatu, watu wamekwisha kunywa chai na kuondoka, tumebaki sisi tusio na haraka, mwanawe mkubwa akaja kukaa karibu nami kwenye benchi, simu mkononi. "Shikamoo, baba mkubwa." Nikamwitikia. Akasema, "Nimeikuta ile filamu yenu kwenye makasha ya mzee. Nimeiweka mtandaoni, watu wamkumbuke." Akanipa simu nishike mwenyewe. Sikuwa na miwani, na wala sikuihitaji. Kinanda kilipoanza tu, kile tulichoazima kwa wapigaji wa harusi, nikajua ni ile. Nilikuwa mle ndani, mwembamba kama ufito, nimesimama na magongo mawili mbele ya ukuta wa bluu, nikingoja kuponywa. Vijana wanne watano wakaja kusimama nyuma yangu kutazama, nami nikangoja wacheke, maana zamani watu walicheka hapo mpaka wakamwaga kahawa. Hakuna aliyecheka. Binti mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Mbona wanamcheka mwenye kigugumizi? Siyo vizuri." Mwingine, aliyevaa fulana ya kwaya, akauliza, "Huyu nabii bado yupo? Anapatikana wapi?" Nikamrudishia mwenye simu simu yake, nikaenda kukojoa nyuma ya nyumba, ingawa sikuwa na mkojo.

Ngoja niseme mapema kwamba ilikuwa filamu ya kuchekesha, kwa sababu ukiitazama leo huwezi kujua. Iliitwa Gusa Kioo. Miaka ile madishi ndiyo yalikuwa yameanza kuota juu ya mabati ya Katesh, na kila hoteli yenye runinga ilikuwa na mhubiri wake anayetoka jasho tangu asubuhi. Wengine walikuwa watu wa Mungu, sikatai. Wengine walikuwa wanamwambia mgonjwa aweke kiganja kwenye kioo cha runinga apokee. Paskali alikuwa mpiga picha za harusi na ubatizo, mtu mkavu, mwenye mdomo. Alimtazama mmoja wao siku nzima pale hotelini, supu ikampolea, akasema, "Aise, huyu bwana hana hata mgonjwa mbele yake. Anaponya kamera." Hapo ndipo alipozaliwa Nabii Mawimbi, ambaye Paskali alimwigiza mwenyewe ndani ya suti ya bwana harusi mmoja mnene. Nabii Mawimbi alikuwa na kelele za, "Gusa kioo! Gusa chako, usiguse cha jirani!" Kulikuwa na mzee anayegusa redio kwa kukosa runinga, na nabii anamkemea kwamba atapona sauti tu. Hiyo bado naiona nzuri. Mengine, Mungu atusamehe. Mwenye kigugumizi, ambaye anaponywa kwa kupigwa kofi. Mwanamume aliyevaa kanga na mto tumboni, eti mgumba amepata mimba hewani. Na mtu wa kifafa. Nitafika kwa mtu wa kifafa, msinikimbize.

Tulirekodi kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya Mama Zaitun, mjane mwenye duka la vitambaa pale karibu na soko. Ndicho chumba nilichokikumbuka msibani kuliko hata uso wa Paskali. Kilikuwa na dirisha moja dogo lililozibwa kwa godoro ili kelele za barabara ya Singida zisiingie, na godoro lenyewe ndilo nililolalia mimi, kwa hiyo kila asubuhi kitanda changu kilipanda ukutani. Ukuta mmoja tuliupaka bluu. Mimbari ilikuwa kreti tatu za soda zilizofunikwa velveti nyekundu ya kupambia meza ya maharusi. Mchana joto la mabati lilikuwa linatuchemsha, tunafungua mlango, basi harufu ya pilau ya Mama Zaitun inaingia na kazi inasimama. Mama yule alitulisha bila kutusimanga, pilau siku ya Ijumaa, siku nyingine ugali na dagaa waliokaangwa na nyanya nyingi, na alikuwa akikaa mlangoni na sahani yake akitusikiliza tunagombana. Siku moja nilimsikia akimwambia shoga yake kule uani, "Wanawacheka wachungaji wao, hilo lao wenyewe. Lakini wallahi, mtu anayeumwa ukimpa mzaha, yeye hachukui mzaha. Anachukua dawa." Paskali alisikia pia. Akanikonyeza. Tulikuwa na akili nyingi mno mwaka ule, hatukuhitaji ya mama muuza vitambaa.

Magongo yangu hayakuwa ya kuigiza, na hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia. Mwezi wa tatu nilianguka kutoka juu ya lori la vitunguu saumu kwenye mteremko wa kutoka Mbulu, gunia likanifuata, mguu wa kulia ukavunjika mara mbili chini ya goti. Hospitali ya Haydom wakaniunga, wakanifunga plasta, wakanirudisha kijijini kwangu Daudi nikae nao mguu ule miezi mitatu kama mgeni asiyeaga. Nilikuwa mseja mwenye chumba kimoja. Aliyenihudumia ni jirani yangu, dada Marselina, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, ambaye mumewe alikuwa amekwenda Mererani kutafuta madini na akawa amepotelea huko. Alikuwa na binti mmoja wa miaka sita, Neema. Kila jioni Marselina alivuka ua na bakuli la makande na kikombe cha maziwa mgando, ananikuta nimenuna, ananitania, "Kula, bwana Boay. Mguu hauponi kwa kununa, ungekuwa umepona Jumatatu." Alifua mashuka yangu. Alinikata kucha za mguu uliokuwa ndani ya plasta. Daudi nzima ilipita pale kwangu kunipa pole, Daudi nzima iliniona na magongo yale nikienda chooni, na hili mlikumbuke.

Marselina alikuwa na kifafa. Kila mwezi alipanda basi kwenda Haydom kuchukua vidonge, akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila jioni alimeza kimoja kabla ya kula, mbele yangu, bila kuona haya. Alikuwa amemaliza miaka minne hajaanguka. Halafu mwezi wa nne mvua ikakata barabara, mabasi hayapiti, vidonge vikaisha. Siku ya sita alianguka kwangu, bakuli mkononi. Sijawahi kuona kitu kama kile. Kwanza alitoa sauti ambayo haikuwa yake, kisha akakaza kama ubao, kisha mkono wa kushoto ukaanza, ukafuatiwa na mwili mzima, na povu. Mimi na plasta yangu nilijiburuta sakafuni nikamshika kichwa kisigonge mguu wa kitanda. Alipozinduka alikuwa amejikojolea. Akaniangalia, akasema, "Umeniona." Nikasema, "Sijaona kitu, dada." Akalia. Nilimwahidi kwamba hilo halitatoka nje ya chumba kile.

Lilitoka. Mwezi wa nane nilikuwa nimetoa plasta, natembea kwa fimbo, nikaja Katesh kutafuta kazi nyepesi. Paskali alinijua tangu shule. Alinitazama ninavyochechemea akasema, "Yale magongo usiyatupe, bwana. Yatatupa ulaji." Aliniandikia sehemu ya kiwete anayegusa kioo, anatupa magongo, anaruka. Alitaka kila mtu atumie jina lake mwenyewe, eti ndivyo filamu inavyokolea, basi nikasimama mbele ya ukuta wa bluu nikatoa ushuhuda kama tunavyoutoa kanisani: jina langu Boay, natokea Daudi, nilianguka na lori, na leo namshukuru Mungu. Ninyi mliokulia kwetu mnajua ushuhuda ni nini. Mtu akiita jina lake na la kijiji chake mbele ya watu, huyo haongopi. Hata mwizi wa mbuzi akisimama kutoa ushuhuda tunamwamini mpaka wiki ijayo. Sisi tulichukua kitu kile tukakichezea. Kisha Paskali akasema anahitaji mgonjwa wa pili, mwenye ugonjwa wa kuonekana kwa macho, kitu chenye vurugu. Fundi viatu mmoja wa sokoni alijitolea kuanguka, lakini alianguka vibaya, kama mlevi. Watu wakacheka kwa sababu zisizotakiwa. Nikasema, "Sivyo. Njoo nikuonyeshe." Nikamfundisha. Sauti kwanza, nikamwambia. Halafu kaza. Mkono wa kushoto ndio unaanza. Povu tulilitengeneza kwa sabuni ya unga. Paskali alicheka mpaka akaketi chini, akasema, "Boay, umeyatoa wapi haya?" Nikasema nimebuni.

Wengine mtakumbuka jinsi filamu zetu zilivyouzwa miaka ile. Hadithi moja ilikatwa vipande viwili. Sehemu ya Kwanza inaishia pale moyo unapodunda, Sehemu ya Pili inatoka baada ya miezi, umekwisha kuuma kucha. Gusa Kioo tuliirekodi yote kwa pamoja. Katika Sehemu ya Pili Nabii Mawimbi anakutwa baa ya vichochoroni akila nyama choma na kiwete wake na mtu wake wa kifafa, wanagombania figo, na mke wa nabii anaingia na mwiko. Kila kitu kinafichuka. Nabii anakimbia na suti inabaki mlangoni. Lakini Sehemu ya Kwanza, ambayo Paskali aliitoa mwezi wa kumi na mbili, inaishia na mimi naruka, fundi viatu anainuka anafuta povu, watu wanaimba, na maandishi: Usikose Sehemu ya Pili. Paskali alitukalisha chini chumbani kwa Mama Zaitun akatuapisha: "Asiulizwe mtu akajibu. Ukisema mwisho wake, umetuua. Mtu akikuuliza, mwambie angoje." Kanda ya Sehemu ya Pili ilikaa ndani ya kasha chini ya mimbari ya kreti za soda. Nimelala na ukweli ule mita mbili kutoka kichwani pangu wiki baada ya wiki, na nililala vizuri sana.

Nikaenda Daudi kwa Krismasi, nimevaa viatu vipya. Aliyekuwa na kibanda cha video pale njia panda alikuwa ameshaionyesha Sehemu ya Kwanza siku nne mfululizo, jenereta ikinguruma, na mimi bila kujua nikashuka kwenye gari nikiwa mtu mwingine. Mzee mmoja ambaye hajawahi kuniitikia salamu vizuri alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili. Akina mama walinitazama mguu. Walikuwa wameniona na magongo, kisha wakaniona kwenye runinga nayatupa, na sasa hao hapo wananiona natembea. Ungekuwa wewe ungesemaje? Baadhi yao walicheka pale kibandani, najua, vijana hasa. Lakini wengi hawakuwa wamewahi kuona filamu ambayo mtu wanayemjua anataja jina lake na kijiji chao, na waliichukua kama wanavyouchukua ushuhuda wa mtu yeyote. Nami nilikuwa na nafasi ya kuwaambia, jamani, ni mchezo. Nafasi hiyo ilikuwa pana kama uwanja wa mnada. Badala yake nilitabasamu. Nilikaribishwa nyama nyumba tatu siku moja. Mtu aliyelishwa makande na jirani miezi mitatu kwa huruma, ghafla anawekewa kiti chenye mto. Utamu wake siwezi kuuficha, nilijisikia mkubwa.

Siku ya pili ya sikukuu Marselina aliniita kwake. Alikuwa jikoni anapepeta maharage, Neema amelala mgongoni kwake ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. Akaniwekea kigoda karibu na mafiga. Hakunitania. Aliniambia alikwenda kibandani mara tatu, na mara ya tatu mwenye kibanda alimruhusu abaki watu wakitoka, airudishe ile sehemu, aweke mkono kwenye kioo. Akasema, "Yule aliyeanguka, Boay. Anaanguka kama mimi. Hata mkono ni uleule." Nikaangalia moto. Kisha akaniuliza, na akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeomba maji: "Mdogo wangu, ni kweli ile?"

Miaka hii yote nimejitetea kwamba nilikuwa nimeapa kwa Paskali. Uongo mtupu. Sikumkumbuka Paskali hata kidogo. Nilichokiona mbele yangu ni kwamba nikisema ni mchezo, swali linalofuata litakuwa fundi viatu alijifunza wapi kuanguka, na atajua. Atajua kwamba nimeichukua aibu yake nikaipeleka Katesh watu wakaicheka. Kwa hiyo nikafanya kile tunachofanya sisi watu waoga tusiotaka kusema uongo kwa mdomo wetu. Nikajibu kwa swali. Nikamwambia, "Si umeona mwenyewe?" Na nikacheka kidogo. Uso wake ukafunguka. Akamshusha Neema mgongoni, akapiga magoti palepale kwenye maganda ya maharage, akashukuru. Mimi nikala makande, nikaomba nyongeza.

Vidonge aliacha siku ileile. Nilikuja kujua baadaye kwamba lile kopo alilitumia kuwekea chumvi. Mwezi wa pili, wiki ambayo kila mtu alikuwa kwenye palizi, asubuhi kama saa tatu, alikuwa peke yake jikoni anapika. Aliyemkuta ni Neema, aliyerudi kufuata maji ya kunywa. Sitaieleza hali aliyomkuta nayo, Neema mwenyewe hajawahi kuieleza. Habari zilinifikia Katesh mchana, nikapanda gari la mizigo mpaka Haydom. Alikuwa amefungwa bandeji kuanzia kiunoni mpaka shingoni na mkono wote wa kushoto. Usoni moto ulikuwa umemwachia upande mmoja tu. Niliketi naye siku mbili. Alikuwa na akili zake zote, alikuwa anaongea, na jioni ya siku ya kwanza aliniambia kitu ambacho nimekisikia kila siku ya maisha yangu tangu hapo. Alisema, "Boay, labda sikukigusa vizuri."

Mngesema, basi, hapo si ndipo ulipomwambia? Sikumwambia. Nilimwambia, "Pumzika, dada." Nilijidanganya kwamba ukweli utamuumiza mtu anayekufa. Ukweli ni kwamba niliogopa jicho lake moja lile. Alikufa siku ya tatu nikiwa nimetoka kununua chai. Kaburini mwinjilisti alituombea wote tusipungukiwe imani, na watu wakaitikia amina huku wakimtazama mtoto. Ndivyo ilivyoandikwa Daudi mpaka leo: Boay alipokea akadumu, Marselina alipokea akakosa imani, ugonjwa ukarudi na saba wenzake. Kwa hofu yangu nilimlazimisha Paskali atoe Sehemu ya Pili kabla ya Pasaka. Tukaipeleka wenyewe Daudi. Nabii alipotokea baa na mfupa mdomoni watu wakapiga kelele kwamba tunamtukana Mungu, wakamzimia mwenye kibanda jenereta yake. Walitaka muujiza, hawakutaka mwiko. Mimi nilikuwa pale, nimesimama nyuma karibu na mlango, na sikufungua mdomo. Paskali aliirudisha ile kanda Katesh, na msimu wa harusi ulipofika akarekodi harusi juu yake. Kwa hiyo imebaki Sehemu ya Kwanza peke yake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka kumi na tisa.

Ndiyo maana pale msibani nilimwomba mwana wa Paskali aiondoe. Kijana mwema, aliiondoa siku ileile. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mtu alikuwa ameshakata zile dakika mbili za mimi kutupa magongo na fundi viatu kuinuka, ameweka wimbo wa kuabudu, ameandika chini: Amini, sambaza kwa watu kumi. Ikazunguka. Mwezi wa kwanza ikaingia kwenye kundi letu la watu wa Daudi, na wazee wenzangu wakaandika amina, amina, tunaikumbuka siku ile. Siku mbili baadaye nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa Neema. Siku hizi ana mgahawa mdogo Haydom, karibu na stendi, anawauzia uji na chapati wagonjwa wanaoshuka kwenye mabasi. Mimi ni mjomba wake kwa sababu mama yake aliniita mdogo wake, na nimemlipia sare za shule, na nimekuwa nikijipongeza kwa hilo. Alisema: "Shikamoo mjomba. Nimekuona. Mama alikuwa anaisimulia sana hii. Mjomba, Jeni wangu ameanza kuanguka. Hospitali wamempa vidonge, ana wiki tatu akivimeza. Sasa mama mkwe anasema dawa na imani havikai chungu kimoja, niviache nimpeleke kwa mtumishi. Mimi naogopa yasije yakanikuta ya mama. Wewe ulipokea ukadumu. Niambie ulifanyaje, na nifanye nini."

Niliusikiliza mara nne. Jeni ana miaka saba. Nikaandika, "Usiache dawa hata siku moja. Nakuja," na kesho yake nikapanda basi la Haydom. Nilimkuta Neema jikoni kwenye chumba cha nyuma, anasukuma chapati, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Jeni alikuwa mezani anachora, ana kovu bichi juu ya nyusi. "Shikamoo, mjomba. Kaa." Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaomba chai, na nikiomba chai nitauliza habari za mvua.

Nikasema, "Neema, ile ilikuwa filamu ya kuchekesha."

Akaendelea kusukuma. "Ipi?"

"Ile uliyotumiwa. Tuliitengeneza Katesh tukiwacheka wahubiri wa runinga. Mimi sikuponywa na mtu. Mguu wangu uliungwa hapa hapa Haydom, nilikuwa natembea tayari, wakanirudishia magongo ili niyatupe."

"Na yule anayeanguka?"

"Fundi viatu. Hakuwa na ugonjwa wowote. Mimi ndiye niliyemfundisha kuanguka."

"Wewe ulijifunza wapi?"

Nikamtazama. Hakuhitaji kuambiwa, lakini nilisema. "Kwa mama yako."

Kifimbo cha kusukumia kikasimama juu ya chapati. Mteja aliita kutoka mbele anataka uji wa pili, Neema akafuta mikono, akaenda, nikamsikia akiongea naye kwa upole, akarudi na kufunga mlango. Akauliza, "Mama alijua ni mchezo?"

"Hakujua. Aliniuliza."

"Akakuuliza kabisa? Kwa mdomo wake?"

"Alisema, ni kweli ile. Nikamjibu, si umeona mwenyewe."

"Na hospitalini? Si ulikaa naye? Watu husema ulikaa naye."

"Siku mbili."

"Alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea."

"Na hukumwambia."

"Sikumwambia."

Alikaa kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa. Hakupandisha sauti, mtoto alikuwepo. "Unajua nilivyolelewa, mjomba? Nikiwa darasa la pili shangazi alinikataza kumwombea mama. Alisema aliyepewa uponyaji akautupa, huyo tumwachie Mungu mwenyewe. Nimekua nikiogopa kwamba imani yangu ni mbovu kama yake, nimerithi. Jeni alipoanguka mara ya kwanza hapo mlangoni, unajua nilifanya nini? Sikumshika kichwa. Nilipiga magoti nikaanza kutubu. Mtoto anapiga kichwa kwenye saruji, mimi natubu." Akaonyesha lile kovu kwa kidole chenye unga.

Nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Mama yako hakukosa imani."

"Najua," akasema. "Alikuwa nayo. Aliiweka kwako."

Nililia, mzee mzima, na yeye hakunibembeleza, na alifanya vizuri. Alinyanyuka akanawa. Akamwita Jeni, akatoa kidonge, akampa na kijiko cha uji, akangoja mpaka kimeshuka, akamwambia afungue kinywa aone. Kisha akanimiminia chai na kuniwekea chapati mbili, maana kwetu mtu hatolewi nyumbani mkavu hata akiwa nani, akasimama akinitazama mpaka nikamaliza. Nilikula zote. Alichukua sahani mikononi mwangu akasema, "Basi la Katesh linatoka saa saba. Mama mkwe nitamwambia mwenyewe. Daudi utawaambia wewe, Jumapili, wakiwa wote. Na hapa usije mpaka nikuite."

Daudi nilikwenda. Nilisimama mbele, nikataja jina langu na kijiji changu, nikasema yote haya, pamoja na yale ya mkono wa kushoto. Wako waliotoka nje, wako ambao hadi leo wanasema shetani amenipokonya ushuhuda wangu uzeeni. Kondakta wa basi, ambaye hunywa uji pale kwa Neema, ananiambia Jeni yuko shule na hajaanguka tena. Sasa ni mwezi wa nane. Neema hajaniita.